Nyumba Husimama kwa Wakazi: Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Jana na Kesho



Mimi ni mhasibu, mkazi wa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu imenizoesha kuuliza maswali mawili kila ninapoonyeshwa mali: nani anaitumia, na nani anagharamia matengenezo yake? Mali isiyo na majibu ya maswali hayo iko njiani kupotea, hata kama daftari limeiandikia thamani kubwa. Nimeombwa kuandika historia ya Mji Mkongwe wetu katika kijitabu cha mwaka huu, nami nitaisoma historia hiyo kwa maswali hayohayo.

Anayetembea Mtaa wa India leo analiona jambo lenyewe kwa macho. Kuna nyumba imepakwa chokaa, mlango wake wa nakshi unang'aa kwa mafuta, na barazani wamekaa watu. Ukuta kwa ukuta na hiyo kuna nyingine isiyo na paa, mti umeota ghorofani na mizizi yake inachungulia dirishani. Zote mbili ni za mawe ya namna moja na chokaa ya namna moja, na zote zimepigwa na upepo uleule wa chumvi. Umri peke yake hauelezi tofauti hiyo, wala bahari. Ukifuatilia historia ya kila moja utakuta iliyosimama ilikuwa na watu ndani, na iliyoanguka ilikaa muda mrefu bila mtu.

Kaole, mji uliotangulia

Somo la kwanza liko Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Magofu yake, yenye misikiti miwili na makaburi ya minara, ni ya mji wa Waswahili uliokuwapo karne nyingi kabla Bagamoyo haijapata jina. Watu wake walisali, walizika wafu wao kwa heshima, na walifanya biashara ya mbali kiasi cha kupamba makaburi kwa bakuli za Kichina. Inasimuliwa kwamba mchanga na mikoko viliziba njia ya vyombo, biashara ikahama, na watu wakaifuata.

Hata hivyo Kaole haikufa kwa siku moja. Mwaka 1857, Burton na Speke walipoanza safari yao ya kutafuta maziwa makuu, walianzia Kaole, ambako askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar walikuwa bado wana kituo. Kituo cha serikali kilibaki hapo wakati mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuondoka. Leo tunalipa kiingilio kuyaona magofu, na ni vizuri tulipe, lakini hakuna mtoto anayezaliwa ndani yake. Nauliza kama wajukuu zetu nao watalipa kiingilio kuiona Dunda.

Mji wa pembe na wapagazi

Bagamoyo ilianza kukua katika karne ya 18, kwa makubaliano kati ya Washomvi wa pwani na Wazaramo wa nyuma yake, pamoja na jirani zao Wakwere, Wadoe na Wazigua. Ilishamiri katika karne ya 19, baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja na pembe za ndovu kutafutwa Ulaya, Marekani na India. Ufuko wetu unaelekeana na Unguja, na unateremka taratibu, hivyo jahazi hupanda mchangani maji yakijaa na kupakuliwa maji yakitoka. Bonde la Ruvu lilitoa chakula. Njia ya bara ilikwenda hadi Unyamwezi, na kutoka huko hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa.

Misafara ilileta pembe, ikarudi na merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba. Kila mwaka makumi ya maelfu ya wapagazi waliingia na kutoka. Wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, wakakaa mjini wiki au miezi wakisubiri mzigo wa kurudi nao. Wapo pia waliofika hapa kwa minyororo, wakavushwa kwenda Unguja, hata baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Jina la mji wetu linabeba mambo yote mawili: anayefika salama akabwaga moyo wake, na anayeuacha moyo wake kwa sababu hatarudi tena. Mji unaotaka kesho njema unasimulia historia yake yote.

Kumbuka pia kwamba mji huo haukuwa wa mawe peke yake. Nyumba za mawe zilikuwa chache, nyingi zikiwa karibu na bahari, mali ya matajiri wa Kihindi na Kiarabu, na baadaye ofisi za Wajerumani. Watu wengi, wenyeji na wapagazi, walikaa kwenye nyumba za udongo na makuti. Wavuvi waliuza samaki kwa wapagazi, wakulima wakaleta mtama na mihogo, na akina mama wakapika. Sehemu kubwa ya fedha iliyobaki mjini ilibaki kwa njia hiyo, wakati faida ya pembe yenyewe ilivuka bahari. Tunaposema urithi wa Bagamoyo, tuwahesabu na hao.

Mwana wa Dunda alilieleza hilo mapema. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Ujerumani kufundisha Kiswahili, akafia Berlin mwaka 1927. Kitabu chake cha desturi za Waswahili, kilichochapwa huko mwaka 1903, kinaeleza uzazi, jando, ndoa, ngoma na safari za bara. Alikuwa mwana Bagamoyo wa mbali kama wengi wetu, na alipokumbuka kwao alikumbuka watu na maisha yao.

Makao makuu ya miaka michache

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua forodha na utawala wa pwani. Watu wa pwani walikataa. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza upinzani kutoka Pangani na Bwana Heri kutoka Saadani, na Bagamoyo ikawa uwanja wa vita. Sehemu ya mji iliharibiwa na wakazi wengi wakakimbia. Baadhi yao walipata hifadhi katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868. Wissmann alifika na jeshi mwaka 1889, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo.

Kwa muda mfupi Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya koloni. Mwaka 1891 makao yalihamia Dar es Salaam, ambako bandari ina kina cha kupokea meli kubwa. Ufuko uliofaa jahazi haukufaa meli. Mji uliendelea kujengwa hata baada ya hapo: forodha mwaka 1895, shule mwaka 1896 na Boma mwaka 1897, kwa sababu misafara ilikuwa bado inakuja. Lakini reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pembe iliyokuwa ikibebwa mabegani kwa miezi ikapanda treni, na Bagamoyo ikabaki pembeni.

Nikisoma kipindi hicho kama hesabu, naona mji uliotegemea chanzo kimoja cha mapato, mali ya watu waliokuwa tayari kuhama kesho yake. Walipohama, waliacha majengo. Hawakuacha fungu la kuyatunza.

Waliobaki

Sehemu hii wageni hawasimuliwi sana, na naona ndiyo inayotuhusu zaidi. Vitabu vingi vya safari husema Bagamoyo ililala baada ya 1891. Nani basi aliyeufanya mji uwe mji kwa zaidi ya miaka mia iliyofuata?

Mmojawapo ni Sheikh Ramiya. Alizaliwa Umanyema, katika Kongo ya sasa, akaletwa Bagamoyo mtoto mdogo akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki. Alisoma dini, akapata uhuru, akawa mwanachuoni na kiongozi mkubwa wa Qadiriyya katika pwani hii. Maulidi aliyoyaanzisha yalivuta maelfu ya watu kutoka mbali. Alipofariki mwaka 1931 mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya aliendeleza kazi. Mji ambao reli ilikuwa imeupita pembeni ukawa tena mahali pa kuendewa, safari hii kwa elimu na ibada. Kijana aliyeletwa hapa bila hiari yake alifanya mengi kuliko gavana yeyote kuuweka mji huu hai.

Tazama na majengo. Ngome Kongwe, iliyojengwa mnamo 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, imekuwa kambi ya askari, gereza, kituo cha polisi, kisha ofisi ya Mambo ya Kale. Imebadilisha kazi mara nyingi lakini haikukosa mtu wa kufungua milango asubuhi. Jengo la shule lililotolewa na Sewa Haji Paroo kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wasome humo ndilo Shule ya Msingi Mwambao. Majengo ya misheni yameendelea kukaliwa, kusaliwa na kupokea wageni. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosubiri kwanza kuwa makumbusho ndipo litunzwe.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Tamasha lake la kila mwaka limewaleta wasanii wa nchi nzima na wa nje. Chuo hicho kimeleta vijana wanaoishi mjini, wanaokula mjini na kupanga vyumba mjini. Hicho ndicho kila mji mkongwe unachokihitaji.

Nyumba ya mawe inavyougua

Kabla hatujazungumzia fedha, tuelewe mgonjwa wetu. Ukuta wa nyumba zetu za kale una unene wa karibu nusu mita, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukuta mnene huzuia joto mchana, na ua wa katikati huingiza hewa. Wazee walijenga nyumba baridi bila umeme, na kwa jinsi joto linavyoongezeka hilo ni jambo la kuigwa.

Mawe hayo hunyonya maji na chumvi. Chokaa huyaruhusu yatoke taratibu, kwa hiyo ukuta hunyonya na kukauka, mwaka baada ya mwaka. Sharti lake ni moja: chokaa ipakwe tena mara kwa mara, na paa lisivuje. Mwenye nyumba akipiga lipu ya saruji akidhani ameimarisha, amefunga maji ndani. Ncha za boriti zinaoza, na saruji ikibanduka inabanduka na jiwe lake. Masika mawili matatu bila paa yanatosha kumaliza kazi ambayo chumvi haikuiweza kwa karne nzima. Wazee waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, mafundi wa Mji Mkongwe wanaweza kukuonyesha ufa wenyewe.

Kwa nini ufa hauzibwi? Sababu ninayoiona mara nyingi tunapokutana wana Bagamoyo ni mirathi. Babu aliacha nyumba moja na watoto wengi. Watoto wakazaa, wengine wako Dar, wengine Tanga, wengine Muscat. Hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna aliye tayari kutengeneza mali ambayo kesho ndugu zake watadai mafungu, na hakuna anayethubutu kuuza. Kila mmoja ana haki katika nyumba, na kwa sababu hiyo hakuna mwenye wajibu. Paa linavuja, heshima ya babu inabaki kwenye mazungumzo ya msibani.

Sababu ya pili ni sheria kutojulikana. Mji Mkongwe ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1983 chini ya sheria ya mambo ya kale. Mwenye nyumba anajua kwamba haruhusiwi kubomoa au kubadilisha bila kibali. Asichopata kwa urahisi ni mtu wa kumweleza anachoruhusiwa kufanya, kwa fundi gani, na kwa fedha zipi.

Wenzetu wa Unguja na Lamu

Hatuko peke yetu, na majirani wametangulia mbele yetu kwa mema na mabaya. Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya 1964, ulikuwa na nyumba nyingi zilizotaifishwa na kupangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha hata kununua chokaa. Watu walikuwamo, lakini fungu la matengenezo halikuwapo, na nyumba zikaanza kuanguka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo, na mwaka 2000 ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Fedha za utalii zikaja, nyumba nyingi zikapona, lakini nyingi kati ya hizo zikapona kwa kugeuka hoteli na maduka ya vinyago. Na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati na kuua watu wawili. Jengo lililoachwa muda mrefu haliponi kwa mkupuo mmoja wa fedha.

Lamu iliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2001. Nguvu ya Lamu ni kwamba maisha hayakutoka: vichochoro vina punda, misikiti imejaa, mafundi wa milango wanafundisha vijana wao. Hata hivyo wageni wamenunua nyumba nyingi, hasa Shela, na bei imepanda kuliko mfuko wa mwenyeji.

Kisha ikaja bandari mpya karibu na Lamu. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Walijipanga, walikuwa na majina na kumbukumbu, wakasikilizwa.

Hilo linatugusa moja kwa moja. Makubaliano ya bandari ya Mbegani yalisainiwa mwezi Machi 2013, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015, mazungumzo yakasimama mwaka 2019, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza kuyafufua. Sipingi bandari, vijana wetu wanahitaji kazi. Ila historia yetu imeshatuonyesha utajiri unaopita mjini na kuondoka na faida yake. Siku bandari ikianza kazi, thamani ya kila kiwanja cha Dunda itabadilika. Familia isiyo na hati wala msimamizi wa mirathi itakutana na mnunuzi mwenye wakili. Wakati wa kujipanga ni kabla ya siku hiyo.

Mji unaokaliwa

Tufanye nini, kwa uwezo wetu sisi wenyewe? Napendekeza mambo manne, kwa mpangilio ambao mhasibu angeufuata.

Kwanza, daftari la nyumba. Kila nyumba ya Mji Mkongwe iandikwe: mwenyewe au warithi wake, hali ya paa, hali ya kuta, matumizi yake, na picha. Tuziandike na nyumba za kawaida za Kiswahili, zenye ukumbi na ua, kwa sababu nazo ni historia. Kazi hii inahitaji vijana wawili watatu wenye simu nzuri na mzee mmoja anayejua nani alikuwa jirani ya nani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sherehe moja.

Pili, mirathi. Chama kisaidie familia zilizo tayari kuitisha vikao vya ukoo na kufungua mashauri ya mirathi Mahakama ya Mwanzo. Tunao mawakili na mashekhe miongoni mwetu, tunao makatekista na wazee wa familia. Nyumba yenye msimamizi anayejulikana inaweza kupangishwa, kutengenezwa, hata kufanywa wakfu kama walivyofanya wazee. Isiyo na msimamizi haiwezi lolote.

Tatu, mfuko wa chokaa. Sipendekezi kutoa fedha za bure. Napendekeza mkopo mdogo wa paa na lipu ya chokaa kwa familia iliyomaliza suala la mirathi, ambao familia itaurudisha kutokana na kodi ya vyumba, ili fedha ileile ikatengeneze nyumba ya pili. Chukua mfano wa kukokotoa tu: wanachama 300 wakitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi milioni 36. Mfuko unaorudi hauishi. Sadaka ya mara moja huisha siku fundi anapolipwa. Na kila nyumba itakayokopeshwa iwe na fungu la matengenezo la kila mwaka, liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu uchakavu hausubiri kikao.

Kuhusu vifaa tuwe wakweli. Wazee walichoma matumbawe kwa kuni na kukata mikoko. Leo matumbawe ni mazalia ya samaki wetu, na mikoko ya mlango wa Ruvu ndiyo ngao ya pwani dhidi ya mawimbi. Tutumie chokaa ya mawe ya nchi kavu, kama ile ya Tanga, na mbao za miti ya kupandwa zilizotiwa dawa. Ufundi ubaki ule wa wazee, malighafi ibadilike. Na tufundishe vijana waashi, kwani fundi wa chokaa aliyebaki akizeeka bila mwanafunzi, hata mfuko ukijaa hautatufaa.

Nne, wakazi. Nyumba itakayotengenezwa ipate mtu wa kulala ndani. TaSUBa ina wanafunzi na walimu wanaohitaji vyumba. Chini ya ghorofa panafaa duka, mshona nguo, mgahawa wa chai na vitumbua. Akina mama wanaolima mwani Mlingotini wanahitaji mahali pa kuuzia bidhaa zao. Mgeni anayetaka kulala mjini alale kwenye chumba cha familia, na fedha yake ibaki kwenye familia hiyo. Wavuvi wabaki ufukweni, na soko la samaki lisihamishwe ili kupisha bustani ya kupigia picha. Mitaa iwe na mifereji inayofanya kazi wakati wa masika, kivuli cha miti, taa na vyoo. Mambo hayo ni ya kawaida sana, na ndiyo yanayomfanya mtu aamue kulea watoto wake mahali fulani.

Wapo watakaosema tusubiri Urithi wa Dunia. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni mlango wake, imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania tangu 2006. Ikipita, tutafurahi na kupiga ngoma. Lakini orodha hiyo haipaki chokaa, na paa linalovuja mwezi Aprili halijui kama liko kwenye orodha.

Tunachoombwa mwaka huu

Fomu ya mchango iko katikati ya kijitabu hiki. Mwaka huu, pamoja na michango ya zahanati na madawati ambayo tumeizoea, kuna kisanduku kipya cha Mfuko wa Nyumba. Naomba kila atakayejaza fomu aandike pia, nyuma yake, jina la nyumba ya kwao iliyoko mjini kama ipo, na jina la ndugu anayeshika funguo. Kwa kufanya hivyo daftari letu litakuwa limeanza kabla hata ya shilingi ya kwanza.

Wenye familia zilizo kwenye mgogoro wa mirathi wazungumze na viongozi wa matawi. Mambo hayo yatashughulikiwa kwa faragha na kwa heshima ya marehemu. Na tunaokuja nyumbani kwa maulidi, Krismasi au tamasha, tupite kila mmoja kwenye nyumba yake, tufungue madirisha, tutazame dari. Tukikuta ufa, tumuulize fundi unahitaji chokaa kiasi gani, na jibu lake tulilete kwenye mkutano mkuu.